Fistula ya mkono ya mzee imetoa mabonge na damu inachelewa kukata baada ya dayalisisi, naombeni msaada

Binti_wa_Temeke

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na dayalisisi maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake na mimi ndo ninayempeleka mzee hospitali.

Baba yangu ana miaka 61, ana presha na kisukari cha muda mrefu. Figo zilipofeli alianza kusafisha damu kwa mashine (ndo dayalisisi) kwa mpira unaoingizwa kwenye mshipa wa shingoni, alafu mwaka 2019 akafanyiwa oparesheni ya fistula, yaani mishipa miwili ya damu inaunganishwa ili sindano za mashine zipate pa kuingia, mkono wa kushoto, hapa kwenye kiwiko, mshipa unapanda kuelekea begani. Tangu hapo anatumia huohuo, anaenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kiukweli fistula imembeba sana hatujawahi kurudi kwenye mpira. Sasa kwa muda mkono umetoa mabonge mawili, palepale wanapochomaga sindano. La juu linazidi kukua, ngozi yake imekuwa nyembamba inang'aa, vinyweleo havipo tena, ukimkalisha karibu na dirisha unaona wekundu kwa ndani. Manesi wanachoma hapohapo kwa sababu sindano inaingia kirahisi, na mzee mwenyewe ndo anapataka kwa sababu pameshakufa ganzi haumii, wakijaribu sehemu nyingine anakunja uso anawaambia rudini kwenye sehemu yangu.

Jana Ijumaa ndo nimeogopa. Sindano zimetolewa, kakandamiza gozi kama siku zote, muda wa kuondoka umefika bado damu inachuruzika, wakambadilishia gozi wakabana na plasta tukapanda bajaji, kufika Tandika mkono wote wa shati umelowa. Ilikuja kukata baadae tukiwa nyumbani. Na juu ya lile bonge kuna kigaga cheusi ambacho hakidondoki, kila nikikiangalia naona kimeongezeka upana. Kingine vidole vya mkono huo vinakuwaga vya baridi hasa akiwa kwenye mashine mpaka anaomba shuka.

Shangazi anasema fistula imeshachoka ifungwe arudishiwe mpira wa shingoni yaishe. Mama anasema ni kawaida, wagonjwa wote wa pale wana mabonge. Kliniki yake ni mwezi ujao. Tusubiri au? Na ni kweli damu inaweza kupasuka yenyewe au watu wananitisha tu?

Mzigua_Asilia

Pole sana binti. Sisi kwa marehemu bibi tulikuwa tunakanda kwa maji ya moto yenye chumvi alafu unapaka mafuta ya habasoda asubuhi na jioni, uvimbe wowote unanywea wenyewe. Mjaribu mzee na dua pia, Mungu ni mwema.

Sista_wa_Mashine

Binti, mimi ni nesi wa dayalisisi, nakuandikia haraka kwanza alafu nitaeleza. Usimkande. Usimpake kitu chochote. Usisubiri kliniki na usisubiri hata Jumatatu. Ngozi inayong'aa, kigaga kinachopanuka badala ya kudondoka, na damu inayochelewa kukata, hivyo vitatu vikikutana kwenye fistula moja hiyo ni dharura, mpeleke leo usiku huuhuu hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu. Kwa Dar hapo una Muhimbili, una na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete palepale Upanga. Ukifika mapokezi usiseme mzee ana uvimbe mkononi, watakupanga foleni, sema mgonjwa wa dayalisisi fistula yake inakaribia kupasuka na jana imevuja damu.

Mzigua sina ugomvi na wewe kaka yangu na najua umeandika kwa nia njema, ila lile bonge sio jipu wala sio uvimbe wa kukanda. Ndani yake inapita damu yenye presha ya ateri, mshipa unaotoka kwenye moyo, moja kwa moja, na kati ya damu hiyo na shati ya mzee kuna ngozi nyembamba tu na kigaga. Ukikanda kwa maji ya moto unalainisha kile kigaga, kikibanduka damu inaruka na mtu anaweza kuisha ndani ya dakika chache. Kwahiyo binti, hawakutishi, kweli inapasuka, na wengine inawatokea wakiwa nyumbani usingizini.

Sasa shika hili kichwani na uwafundishe wote hapo nyumbani kabla hamjatoka. Ikipasuka, mlaze chini, nyanyua mkono juu, weka kidole chako juu ya tundu lenyewe ukandamize kwa nguvu, kidole au viwili, na mtu mwingine atafute gari. Msirundike taulo na vitenge, taulo linanyonya damu unadhani imekata kumbe inatiririka ndani kwa ndani. Msiwe mnaachia kila mara kuchungulia. Kuna na hii njia ya kifuniko cha chupa ya maji, unakigeuza ule upande wenye uwazi unaelekea kwenye ngozi, unafunika nao tundu na kukandamiza hapo, inasaidia kidole kisiteleze kwenye damu. Kaeni nacho karibu na kitanda, kisafi.

Mabonge kwa asili yake sio ajabu, hapo mama hajakosea kabisa, wagonjwa wa muda mrefu wengi wanayo na wanaishi nayo miaka. Kinachotofautisha ni ngozi ya juu. Ukiweza kuifinya ngozi ukaivuta kidogo kati ya vidole viwili, ina nywele, ina rangi yake, vigaga vya sindano vinakauka na kudondoka kabla ya siku inayofuata ya mashine, hiyo tunaifuatilia tu. Ya mzee sivyo ilivyo.

Na yanatokana na nini? Sababu ya kwanza umeitaja mwenyewe, kuchoma sehemu moja. Sindano zetu ni nene, namba 15 mpaka 17, sio hizi za kutolea damu ya maleria, na mbili kila kipindi, mara tatu kwa wiki. Ukuta wa mshipa ukitobolewa palepale kila siku unalegea kama tairi ya baiskeli iliyolika sehemu moja, mpira wa ndani lazima utokeze hapo. Inatakiwa kuhama, leo hapa, keshokutwa unapanda juu kidogo, mpaka umalize urefu wote wa mshipa ndo unarudi chini, hivyo tundu la kwanza limeshapona. Najua sehemu mpya inauma. Kuna krimu ya ganzi inapakwa mapema kabla ya kuchoma, muulizeni daktari wake. Mzee akisema rudini kwenye sehemu yangu, binti msaidie kumbembeleza, mgonjwa akigoma na nesi ana foleni ya wengine kumi wanaosubiri mashine, nesi atachoma pale penye urahisi, ndo ukweli wa kazini kwetu na ndo unaoua hizi fistula.

Nenda kwanza, tutaongea ukirudi.

Mpambanaji_Kimara

Sista umeongea yote. Mimi ni mgonjwa, nasafisha tangu 2016, fistula yangu ya sasa ni ya pili, ya kwanza ilikuwa hapa kwenye kifundo cha mkono karibu na dole gumba ikaganda. Nieleze ilivyoganda maana wengi humu wana wagonjwa wapya.

Nilikuwa nimeongezeka maji sana, kulikuwa na msiba kijijini, nimekula nimekunywa, kwenye mashine wakanivuta kilo nyingi kwa mkupuo presha ikashuka mpaka nikaona giza. Nimerudi nyumbani nimechoka nimelalia mkono uleule. Asubuhi nikaweka vidole juu ya fistula kama ninavyofanya kila nikiamka, kimya. Ule mtetemo hakuna. Nikaweka sikio, ule mvumo wake hakuna. Kama hujawahi kuwa na fistula huwezi kuelewa huo ukimya, maana unazoea kulala na hiyo sauti mpaka unaisikia kwenye mto. Nikapiga simu kitengo, aliyepokea akaniambia njoo siku yako ya mashine tutaiangalia. Siku yangu ilikuwa keshokutwa. Nilipofika damu imeshaganda ngumu, mshipa umekuwa kama kamba, daktari akasema ungekuja jana ile ile tungejaribu kuitoa hiyo damu iliyoganda. Nikarudishiwa mpira shingoni, nikakaa nao miezi nikisubiri fistula mpya ikomae, na kwenye huo mpira nikapata homa za kutetemeka mashineni mpaka nikalazwa.

Kwahiyo wadau, mtetemo ukipotea usisubiri ratiba. Siku hiyo hiyo. Wanasema ndani ya saa 24 mpaka 48 bado kuna uwezekano wa kuiokoa, baada ya hapo inakuwa ngumu. Na aliyepokea simu akikwambia subiri, wewe nenda, kaa pale mlangoni.

Alafu hiyo kutibu presha ya kushuka ipo mikononi mwetu zaidi kuliko kwenye mashine. Ukiongezeka maji kidogo katikati ya vipindi unavutwa kidogo. Mi sahivi nina kikombe kimoja kinachojulikana, na barafu nanyonya kipande kiu ikizidi.

Mama_Swafiya_Kisauni

Assalam alaykum jamani, mimi niko Mombasa. Niliposoma hii habari ya babako binti nimekumbuka ya kakangu. Yeye fistula yake haikuwa na mabonge, ilikuwa mkono wenyewe unavimba wote, kuanzia vidole hadi bega, mpaka pete ikakatwa, na kifuani upande huo mishipa imejitokeza ya bluu kama ramani. Sisi tukadhani ni maji ya figo. Kumbe si maji, ni kuwa kabla ya fistula aliwekwa mipira mara nyingi, mmojawapo hapa chini ya mtulinga, na ile mipira ikaacha kovu ndani ya mshipa mkubwa wa kifuani, mshipa ukasinyaa. Damu ya fistula ikawa yapanda mkononi haina pa kutokea. Daktari alituambia mpira wa chini ya mtulinga siku hizi waepukwa kwa sababu hiyo, wataka shingoni upande wa kulia. Walimpitishia puto ndani ya mshipa likajazwa likatanuka pale penye wembamba, mkono ukashuka kwa siku chache. Imerudi tena baadaye wakarudia.

Kwa hivyo huyo shangazi mwambie taratibu, mpira si pumziko. Kila mpira waacha alama yake ndani. Twamuombea baba shifaa.

Binti_wa_Temeke

Wapendwa asanteni sana sana. Nimesoma meseji ya sista nikamwamsha mzee tukaenda usiku uleule, mama alinuna ila akaja. Nimefanya kama ulivyosema, nimetaja damu na kupasuka, wakatupokea haraka. Wamemlaza. Daktari ameangalia akasema tumefanya vizuri kuja, hatachomwa tena kwenye lile bonge. Alimwambia anyanyue mkono juu kabisa, akatuonesha, akasema ona haunywei. Sikuelewa maana yake na alikuwa na haraka. Kesho ni ultrasaundi ya mshipa. Kuna mtu anaweza kunieleza? Na ile baridi ya vidole nayo ni ya hapohapo au ni kisukari?

Dokta_Mshipa

Habari ya hapo binti, na hongera, umemuwahi mzee. Mimi ni daktari wa upasuaji, nitajaribu kueleza bila kutumia maneno ya darasani.

Fistula ni daktari amechukua ateri, mshipa unaoleta damu kwa nguvu kutoka kwenye moyo, akaushona na vena, mshipa wa kurudisha damu, ili vena ipokee mkondo mkubwa, itanuke na ukuta wake uwe mgumu wa kuvumilia sindano. Mashine inavuta mililita 300 au zaidi kwa dakika, vena ya kawaida ya mkononi haiwezi kutoa hiyo. Sasa huo mkondo una njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Mzee akinyanyua mkono juu ya usawa wa moyo, fistula nzima inatakiwa inywee yenyewe, damu inateremka kwenda kifuani. Isiponywea, ikabaki imejaa na inadunda, maana yake huko mbele njia ya kutokea imebana. Kwa fistula ya kiwiko kama ya mzee sehemu inayopenda sana kubana ni karibu na bega, pale vena inapopinda kuingia kwenye mshipa mkubwa. Ningeanza kuangalia hapo.

Ukilijua hilo utaona mambo yote uliyoeleza yana mzizi mmoja. Mbele pamebana, presha ndani ya fistula inapanda. Presha ikipanda, sindano ikitolewa damu haikati. Kwa kawaida ukikandamiza vizuri robo saa inatosha, ikivuka dakika 20 na ikajirudia kipindi baada ya kipindi, hiyo ni taarifa ya mbanano na sio kwamba mzee ana damu nyepesi. Presha ileile ndo inasukuma ukuta pale ulipolegezwa na sindano, bonge linakua. Mashine yenyewe huwa inasema mapema, kuna namba ya presha ya vena inaandikwa kwenye karatasi ya kila kipindi, ukiona kwa mwendo uleule wa pampu hiyo namba inapanda wiki hadi wiki, hapo ndo pa kuomba ultrasaundi, kabla ya bonge kung'aa. Ombeni hizo karatasi, ni haki yenu kuziona.

Ikiwa kinyume chake, yaani mbanano uko kwenye kuingilia, karibu na pale paliposhonwa, fistula inakuwa tepetepe, mtetemo dhaifu, mashine inalia kwamba haivuti damu ya kutosha. Hiyo ndo inayoongoza kuganda, na ya ndugu yetu wa Kimara huenda ilikuwa na mbanano wa namna hiyo kabla hata ya ule usiku, presha kushuka ikamalizia.

Kuhusu vidole vya baridi. Fistula inaiba damu, sehemu ya damu iliyokuwa inakwenda kiganjani inakatiza kwenye vena inarudi kwenye moyo. Wengi hawasikii chochote kwa sababu ateri nyingine zinafidia, ila mwenye kisukari ateri zake za chini zimeshakuwa ngumu, na fistula ya kiwiko inaiba zaidi kuliko ya kifundo. Baridi peke yake, vidole vina rangi na havina maumivu, mnamvalisha glovu mnafuatilia. Akianza kuumwa kiganja akiwa kwenye mashine, kucha zikawa za bluu, kidonda kwenye ncha ya kidole hakiponi, au kidole kinapoteza nguvu, hapo inabidi kupunguza mkondo kwa upasuaji au kutengeneza njia nyingine ya kupeleka damu kiganjani, na ikishindikana kabisa kuifunga ili kuokoa mkono. Kwahiyo mwambieni daktari wa hapo wodini hata kama amekuja kuangalia bonge tu, asiondoke bila kushika vidole. Kuna ganzi ya kisukari pia, lakini hiyo mara nyingi ipo mikono yote miwili na imeanza miguuni, ya mzee umesema ni mkono huo mmoja na ni zaidi akiwa mashineni, ndo maana naipa uzito.

Muulizeni pia anavyopumua. Fistula ya juu ya mkono ikitanuka sana inaweza kupitisha lita moja na nusu, lita mbili kwa dakika, na hiyo yote moyo unaizungusha bure. Mtu anaanza kuhema akilala chali, uzito unaonekana uko sawa lakini pumzi hakuna, wanamvuta maji na bado. Ultrasaundi hiyohiyo ya mkono inapima mkondo, waombe waandike namba.

Sasa watamfanyia nini? Inategemea watakachokiona, ila kwa kawaida sehemu iliyobana inapanuliwa kwa puto kwa kupitia ndani ya mshipa, na bonge lenye ngozi mbovu linafunguliwa, ile ngozi na ukuta uliolegea vinakatwa, mshipa unashonwa upya kwa upana wa kawaida, au kipande kinaunganishwa kwa mshipa wa bandia. Wakitengeneza bonge bila kugusa mbanano litarudi, hilo ulizeni wazi kabisa. Na mbanano wenyewe una tabia ya kurudi, wengi wanahitaji puto tena ndani ya mwaka, msione kwamba oparesheni ilifeli.

Na la shangazi. Mwaka 1960 huko Seattle daktari Scribner alianza kuwaachia wagonjwa vijibomba vya plastiki vinavyotokeza nje ya mkono, ndo watu wa figo walianza kuishi kwa mashine, lakini vilikuwa vinaganda na kuoza. Mwaka 1966 Brescia na Cimino na wenzao wa Bronx, New York wakachapisha hii njia ya kuunganisha mishipa ya mgonjwa mwenyewe, hakuna kitu cha plastiki kinachobaki mwilini. Miaka yote hii imepita na bado kwa mtu ambaye mishipa yake inafaa hatujapata kilicho bora zaidi. Mpira wa shingoni unakaa mlango wazi wa vijidudu kuingia kwenye damu. Fistula ya mzee iliyomvusha tangu 2019 inastahili kupiganiwa, isifungwe kwa sababu tu imeumwa.

Mpambanaji_Kimara

Dokta ubarikiwe, hapo kwenye karatasi za mashine umenifumbua macho, kesho naanza kuzisoma. Naomba kuuliza, kuna kitengo kimoja wananishawishi nichomwe tundu moja la kudumu, sindano butu, wanasema haiumi na haitoi mabonge. Ni salama?

Sista_wa_Mashine

Mpambanaji hiyo njia ipo, sindano inapita kwenye njia ileile na mwelekeo uleule mpaka ngozi inatengeneza kama handaki, ndo sindano butu inaingia. Kweli maumivu ni kidogo. Tatizo lake ni vijidudu, wale wa kwenye ngozi wanajificha kwenye kile kigaga, na kila kipindi kigaga lazima kitolewe chote kwa usafi wa hali ya juu alafu ngozi isafishwe tena. Na inataka awe anachoma mtu mmoja au wachache wanaojua ule mwelekeo. Kwa kitengo ambacho kila siku nesi ni mwingine mimi binafsi nisingekushauri, bora kuhama urefu wote wa mshipa. Na chochote utakachochagua, osha mkono wa fistula kwa sabuni na maji ukifika, kabla hujakaa kwenye kiti. Ukiona pamekuwa pekundu, pana joto, panauma au panatoa usaha, ukasikia na baridi ya kutetemeka, usikubali pachomwe hapo na ripoti mara moja, vijidudu vikiingia kwenye damu vinakwenda mpaka kwenye valvu za moyo na uti wa mgongo.

Binti_wa_Temeke

Wakubwa nimerudi na mrejesho. Ultrasaundi imeonesha kama dokta alivyosema, pamebana sana karibu na bega. Amefanyiwa puto, na lile bonge la juu wamelikata na kushona. Mtetemo upo, tena sahivi ni laini unaendelea, sio ule wa kudunda. Akinyanyua mkono unanywea, mzee anawaonesha wageni wote. Vidole daktari amesema tufuatilie, havina kidonda na rangi ipo. Pumzi yuko vizuri. Sehemu ya chini ya fistula wanasema inaweza kuchomwa baadae ila kwa sasa wamemuwekea mpira wa muda shingoni kulia mpaka mshono upone.

Shangazi amekubali. Mama ndo ana kifuniko cha chupa kwenye kimfuko karibu na kitanda.

Nina maswali mawili ya mwisho, sista samahani nakuchosha. Akirudi kwenye fistula nifanye nini ili tusirudi tulikotoka? Na ile baridi ya chumba cha mashine, anajifunika khanga ya mama mwili mzima, kuna shida?

Sista_wa_Mashine

Alhamdulillah, nimefurahi mno, mpe mzee salamu.

Khanga ajifunike ila mkono wa fistula ubaki wazi kila wakati, mpaka kwenye sindano na mirija. Sindano ya kurudisha damu ikichomoka chini ya khanga hakuna anayeiona, na mashine si kila mara inalia, pampu inaendelea kumwaga damu kwenye godoro. Mkono nje, mwili ndani, na soksi miguuni.

Akirudi kwenye fistula, chukua daftari uchore mkono wake. Kila kipindi weka alama pale sindano mbili zilipoingia na tarehe, kipindi kinachofuata mwoneshe nesi wa siku hiyo daftari kabla hajafungua sindano. Mnyenyekee lakini usikubali zirudi kwenye kovu la oparesheni wala kwenye bonge lililobaki. Fistula iliyofanyiwa marekebisho wiki za kwanza achome nesi mwenye mkono mzoefu, muombeni msimamizi wa zamu, tunaombwaga na tunapangaga. Wakati wa kutoa sindano, sindano itoke kwanza kabisa ndo ukandamize, na akandamize kwa vidole viwili kwenye tundu la ngozi na la mshipa, sio kubana mkono mzima kwa bandeji ngumu. Plasta atoe jioni asilale nayo.

Nyumbani, ashike mtetemo asubuhi na usiku. Asibebe ndoo wala mfuko kwa mkono huo, asivae saa wala shati lenye mkono wa kubana, asilalie. Mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu wala kuwekewa dripu mahali popote, hata akienda zahanati kwa maleria, na huko mseme nyinyi maana hawaoni chini ya shati. Akipata kuhara au kutapika kwa nguvu apigiwe simu daktari siku hiyohiyo, akikauka maji fistula inaganda.

Huo mpira wa shingoni usilowe, aoge kuanzia kifuani kwenda chini, na usikubali utumike kwa dripu au kutolea damu wodini. Homa yoyote akiwa nao, hata ndogo, nendeni. Na tarehe ya kuutoa muulize tangu sasa iandikwe kwenye kadi yake.

Mama_Swafiya_Kisauni

Sista hiyo ya daftari naiiba, kesho nampelekea kakangu. Ameshaanza kuchomwa mahali pamoja na yeye.